Kwa wanaoanza kutembeza wageni wa Sauti za Busara: shoo ni usiku, mchana ni wenu

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kutembeza wageni hapa Zanzibar, naona wengi mnaisubiri Februari, tamasha la muziki la Sauti za Busara lifike, mchukue watu eapoti, muwashushe hotelini, basi. Mnajipunja. Mgeni wa tamasha sio wa ufukweni, huyu kapanda ndege kwa ajili ya muziki, anataka kujua anayepiga ni nani, katoka wapi, na siku isiyo na tamasha muziki huo unapigwa wapi. Na shoo kubwa za Ngome Kongwe ni jioni mpaka usiku mwingi, kwa hiyo kutwa nzima yupo Mji Mkongwe anazunguka tu, na hela yake ya mchana itakwenda pale utakapompeleka wewe.

Kwanza jifunzeni muziki wenyewe. Mimi nilianza najua masultani na milango ya nakshi, mgeni mmoja akaniuliza kidumbaki na taarab vina tofauti gani, sikuwa na jibu na iliniuma sana. Nikaenda kukaa na wapigaji wakanionyesha kwenye kidumbaki lile sanduku linalofanya kazi ya besi, vingoma vidogo viwili na fidla, wakati taarab ya kikundi kikubwa ina safu ya fidla, ganuni na udi (ala za nyuzi za Kiarabu), na akodiani. Siku hizi nampeleka mtu Fumba alikozaliwa Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarab, namsimulia jinsi mama huyu alivyokuwa anauza vyungu mjini kabla hajaimba, na mwaka 1928 akaenda mpaka Bombay kurekodi santuri. Usiku taarab ikipanda jukwaani yule mgeni anaisikiliza kivingine kabisa, na kesho yake anakuuliza mwenyewe, tunaweza kwenda wapi tena? Hapo ndo anaongeza siku.

La pili, na hili naomba mlishike, kubalianeni malipo kabla hamjapeleka mtu mlangoni kwa watu. Nilishawahi kupeleka wageni kwenye mazoezi ya kikundi kimoja, wakapiga picha, wakarekodi video, wakafurahi, mimi nikalipwa changu. Mzee mmoja akanivuta pembeni taratibu akasema, "mwanangu, wewe umepata, na sie je?" Sikulala. Toka siku hiyo bei ya kikundi naiweka ndani ya bei ya safari, nawapa mkononi kabla fidla haijaguswa, na mgeni nimeshamwambia avae vya kujisitiri na aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Utamaduni ni wa hao watu, sisi tunaonyesha njia tu.

Halafu msining'inize mwaka mzima kwenye tamasha moja. Sauti za Busara ipo tangu 2004 lakini 2016 haikufanyika, hela hazikutosha, na aliyekuwa ameweka mayai yote hapo aliumia. ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, ipo kwa wapenda filamu, na Julai kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi, wanaume wanachapana kwa mabua ya migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, kina mama wanaimba. Kule kupata mgeni siku hiyo ni heri, wenyeji wanapenda nyumba isikose mgeni wa kumkaribisha. Nendeni mwezi mzima kabla, bila wageni, mkasalimie wazee na muulize ni nyumba gani itapika na itapokea watu wangapi.