Maswali ya wasomaji: Mwenye kampuni anafuata nini kwenye kongamano la maprofesa?

SWALI: Ninaandika programu katika kampuni ndogo ya Dar es Salaam inayotengeneza mifumo ya malipo. Nilimwomba mkurugenzi wangu anigharimie safari ya kuhudhuria ICFP, lile kongamano la kimataifa la programu za fanksheni, naye akanijibu kwamba hayo ni mambo ya maprofesa wanaoandikiana herufi za Kigiriki, na kwamba kampuni haina cha kuvuna huko. Je, ni kweli?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Mkurugenzi wako amekosea, ingawa si kwa yote. Herufi za Kigiriki zimejaa tele. Herufi lambda (λ) yenyewe, ambayo mashabiki wa fani hii huichapa hata kwenye fulana, inatokana na kalkulasi, yaani mfumo wa kihisabati wa kuandika na kukokotoa fanksheni, aliyoibuni mwanamantiki Mmarekani Alonzo Church katika miaka ya 1930, kabla kompyuta za leo hazijakuwapo. ICFP ilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1996 mjini Philadelphia, baada ya kuunganishwa kwa makongamano mawili ya zamani, moja la lugha ya programu iitwayo Lisp na jingine la lugha za fanksheni na usanifu wa kompyuta, na makala zake huchujwa kwa ukali ambao mgeni anaweza kudhani ni wa kumkomoa. Kufikia hapo mkurugenzi yuko sahihi.

Kwa msomaji asiyeifahamu fani hii, fanksheni hapa ina maana ileile ya hisabati ya sekondari: ukiipa thamani ileile hukurudishia jibu lilelile, leo na kesho, bila kugusa kitu kingine pembeni. Wewe unayeshughulika na malipo utaiona faida yake haraka, kwa sababu kipande cha programu ambacho hakiwezi kubadilisha salio la mteja kimyakimya kinaweza kupimwa peke yake bila kuwasha mfumo mzima.

Sasa mweleze mkurugenzi wako kisa kimoja, ambacho kwa maoni yangu kinatosha kuliko hoja kumi. Mwaka 2000, ICFP ilipofanyika Montreal, Koen Claessen na John Hughes wa Chuo Kikuu cha Chalmers nchini Sweden waliwasilisha chombo kidogo kiitwacho QuickCheck. Badala ya mwandishi wa programu kukaa akitunga mifano ya majaribio mmoja mmoja, ambayo mara nyingi ni ile anayojua tayari kwamba itafaulu, anaandika kanuni ambayo programu yake haipaswi kuivunja kamwe, kisha kompyuta yenyewe inabuni mifano ya kubahatisha, kwa kawaida 100 kwa kila kanuni, na kuutafuta ule unaoivunja. Katika kazi yako kanuni inaweza kuwa hii: jumla ya fedha katika akaunti mbili kabla ya uhamisho iwe sawa na jumla yake baada ya uhamisho pamoja na ada iliyokatwa. Kanuni ni ya mstari mmoja, lakini ni waandishi wachache wa mifumo ya malipo wanaoweza kuiapia bila kuijaribu.

Kama kisa kingeishia hapo, ingekuwa habari nyingine ya wasomi kuvumbua na wafanyabiashara kuchukua. Lakini hakikuishia hapo. Mwaka 2006 Hughes na mwenzake Thomas Arts walianzisha kampuni iitwayo Quviq ili kukiuza chombo hicho, na mwaka huohuo, katika warsha ya lugha ya programu iitwayo Erlang iliyofanyika sambamba na ICFP mjini Portland, walieleza wakiwa pamoja na wahandisi wa Ericsson, kampuni ya Sweden ya mitambo ya simu, namna walivyokitumia kupima programu za mawasiliano ya simu na makosa waliyoyafichua. Huko kiwandani ndiko lilikoonekana pengo ambalo chuoni halikuwasumbua sana: mtambo wa simu hauna tabia ya fanksheni safi, kwa kuwa una hali inayobadilika, na jibu lake linategemea yaliyotangulia. Ikabidi QuickCheck ifundishwe kubuni mifuatano mizima ya amri badala ya thamani mojamoja. Halafu likaibuka tatizo gumu zaidi, la michakato miwili inayokwenda kwa wakati mmoja na kukanyagana, mfano wa mteja anayebonyeza kitufe cha kulipa mara mbili mtandao unapokuwa mzito, na swali hilo lilirudi ICFP mwaka 2009 mjini Edinburgh likiwa makala kamili ya kitaaluma. Kiwanda ndicho kilichowapa maprofesa swali ambalo wasingelipata wakiwa ofisini kwao.

Hata Erlang yenyewe haikuzaliwa chuoni. Ilianzishwa katika maabara ya Ericsson mwaka 1986 na Joe Armstrong, akaungana na Robert Virding na Mike Williams, kwa ajili ya mitambo ya simu isiyotakiwa kuzimika, na mwaka 1998 ikaachiwa kwa umma bure. Mkurugenzi wako anaitumia kila siku pasipo kujua, maana mitambo ya WhatsApp imejengwa kwa lugha hiyo. Facebook ilipotangaza kuinunua kampuni hiyo mwaka 2014, watu milioni 450 walikuwa wakiitumia kila mwezi huku wahandisi wake wakiwa 32 tu. Sidai kwamba Erlang peke yake ndiyo iliyoleta hesabu hiyo, lakini mkurugenzi anayelipa mishahara hawezi kuipuuza.

Kuhusu safari yenyewe, nitakuwa mkweli kwako: usiende mikono mitupu. ICFP hupokea makala fupi ziitwazo ripoti za uzoefu, ambazo hazidaiwi uvumbuzi mpya bali maelezo ya dhati ya mtu aliyezitumia lugha hizi katika kazi halisi, akisema kilichomfaa na kilichomkwamisha. Mwaka 2004 kando ya kongamano hilo ulianzishwa pia mkutano wa watumiaji wa kibiashara, CUFP, kwa msimamo kwamba programu za fanksheni ni njia na si lengo. Ukiandika kwanza ripoti ya mfumo wako wa malipo ikakubaliwa, ombi lako kwa mkurugenzi litakuwa na uzito mwingine kabisa. Ikiwa bado hujawahi kujaribu chombo cha aina ya QuickCheck, anza leo. Zipo maktaba za namna hiyo kwa Python, Java na lugha nyingine nyingi, na hazihitaji viza.

SWALI: Mwalimu wetu husema Haskell ni lugha ya kompyuta, ilhali rafiki yangu anashikilia kwamba ni jina la mtu. Nani yuko sahihi?
Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Wote wawili. Haskell Brooks Curry alikuwa mwanamantiki Mmarekani aliyeishi kuanzia mwaka 1900 hadi 1982. Mwaka 1987, katika moja ya yale makongamano mawili yaliyokuja kuzaa ICFP, wataalamu waliokutana Portland waliona kwamba karibu kila chuo kilikuwa na kijilugha chake cha fanksheni, kwa hiyo wakaunda kamati ya kutunga lugha moja ya pamoja, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1990 likiwa na jina la mzee huyo. Jina lake la ukoo nalo halikuachwa, kwani ipo lugha nyingine iitwayo Curry.

SWALI: Ninasoma shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta na ninaipenda fani hii, lakini nauli ya kwenda Ulaya au Asia siwezi kuimudu. Je, kuna mlango wowote kwa mtu kama mimi?
Mwanafunzi, Kampala

JIBU: Ipo milango, na mingine iko wazi hapo ulipo. Tangu mwaka 2017 makala za ICFP huchapishwa katika jarida ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma bila kulipa, na mihadhara mingi huwekwa YouTube. Anza na zile makala ziitwazo lulu, ambazo ni fupi, zimeandikwa kwa ufundi, na hushughulikia wazo moja zuri hadi mwisho. Kwangu mimi ndizo sehemu tamu kuliko zote za kongamano hilo.

Kisha kuna mashindano ya ICFP, ambayo yalianza mwaka 1998. Ni ya saa 72, kiingilio hakuna, kikundi kinaweza kuwa na mtu mmoja au ishirini, na lugha ya kutumia ni hiari yenu. Zawadi inayogombewa zaidi ni ya mzaha: lugha ya washindi hutangazwa mbele ya wajumbe kuwa ndiyo chombo cha wajuzi wenye kuchagua. Ukikosa saa 72, kuna tuzo ya waliofanya vizuri katika saa 24 za mwanzo.

Ukitaka kufika wewe mwenyewe, tafuta mambo mawili katika tangazo la kila mwaka: ufadhili wa warsha ya kuwalea wanafunzi wanaoingia katika fani hii, na nafasi za wanafunzi wa kujitolea, ambao husaidia kazi za ukumbini na kusamehewa ada ya kujiandikisha. Ukipeleka makala, ujue pia kwamba wachujaji huisoma kwanza bila kuona jina la mwandishi wala chuo chake, hivyo hakuna atakayeidharau kwa sababu imetoka Kampala. Barua ya mwaliko iombe siku ileile utakapokubaliwa, kwa kuwa kongamano hili huhama kila mwaka, Milan mwaka 2024, Singapore mwaka 2025, na kila nchi ina viza yake na foleni yake.