Chanjo ya mkanda wa jeshi kwa aliyepandikizwa figo

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama mama, aliyepandikizwa figo mwaka jana, anaweza kuchanjwa mkanda wa jeshi. Anaweza, ila angalia sana aina ya chanjo. Chanjo iitwayo Shingrix haina kirusi hai, inafaa hata kwa anayemeza takrolimasi, ile dawa ya kuzuia mwili usikatae figo. Ni dozi mbili, na kwake ya pili inaweza kuwahi, mwezi 1 hadi 2 baada ya ile ya kwanza. Zostavax, chanjo ya zamani, ilikuwa na kirusi hai, hiyo hapana kabisa. Daktari wake wa figo pale hospitali ya KCMC athibitishe kwanza kwamba figo imetulia.

Na mkiona malengelenge upande mmoja wa mbavu, yanachoma hata khanga ikigusa, tafadhali msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo. Dawa za kupambana na kirusi husaidia zaidi zikianza ndani ya saa 72.