Nyie wa field mnaoandika muhtasari wa kikao kwa Kiingereza, njooni hapa

Wiki hii nimepitia rasimu za muhtasari za vijana wetu wa field, wanafunzi waliokuja kwa mafunzo ya vitendo, na nimeona makosa yaleyale niliyoyakuta nilipoanza kazi, kama vile yanarithiwa. "The chairman said that he will came tomorrow." Jamani. Kompyuta mnaijua kuliko sisi, jedwali mnapanga mpaka raha, ila hizo tensi zenu ipo siku zitamponza mtu. Mimi zangu zilishamponza, ntawaambia kwenye namba 5.

Kwanza nikiri kwamba kazi yenyewe ngumu. Kwenye haya mashirika ya miradi kikao kinaendeshwa Kiswahili mwanzo mwisho, watu wanabishana, wanataniana, mtu anaongea huku anatafuna, halafu karatasi inatakiwa itoke Kiingereza kwa sababu mfadhili yuko Ulaya. Kwa hiyo unatafsiri, na hapohapo unageuza kauli halisi, maneno kama mtu alivyoyatamka, kuwa kauli taarifa, yaani fulani alisema kwamba, na hapohapo unakimbizana na mdomo wa mwenyekiti. Msijione mna mkosi peke yenu. Mpaka sheria ilipobadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama hapa Tanzania, mahakimu, ukiacha wa mahakama za mwanzo, walikuwa wanamsikiliza shahidi kwa Kiswahili huku mkono unaandika Kiingereza. Na wale wakikosea kuna mtu anaenda jela.

1. Kiswahili hakirudi nyuma, Kiingereza kinarudi. Sisi tunasema "mhasibu alisema hela ipo" na kila mtu kaelewa ilikuwepo siku ile aliposema. Kwenye muhtasari wa Kiingereza ukishaandika said basi shusha ngazi moja: is inakuwa was, will inakuwa would, can inakuwa could, has inakuwa had. Should na might ziacheni zilivyo. Dogo mmoja aliandika "The accountant said the funds are available for field travel", miezi ikapita, kaja mtu wa programu na fomu yake ya safari na muhtasari kaupigia mstari, anamwambia mhasibu hapa imeandikwa are, siyo were, hela ipo unanibania tu. Mhasibu hakuongea na yule dogo mpaka field yake ikaisha.

2. Jana, kesho, wiki ijayo: andika tarehe. Achaneni na kuhangaika na the previous day na the following week, 14 Machi haigombani na mtu.

3. Swali likishakuwa taarifa halina alama ya kuuliza na haligeuzwi, "he asked where the car was", siyo "where was the car".

4. Told inataka mtu mbele yake (told us), said haitaki. "He told that" futa. Na hiyo claimed mnayoipenda kwa sababu inaonekana ya kisomi iacheni, mkiandika "the driver claimed that he had paid" mnamwambia msomaji kwamba dereva huyu simwamini. Kama hamkuwa na nia hiyo andikeni said. Said, said, said, mpaka ichoshe, muhtasari siyo insha.

5. Hapa kaeni vizuri. Kuna mwaka, kwenye ofisi ambayo siitaji, madumu mawili ya dizeli ya jenereta hayakuonekana stoo. Kikaitishwa kikao cha dharura, mtu wa usafirishaji akawa anakuna shingo akasema, "Labda mzee alisahau kufunga jana usiku." Mzee ni mlinzi wetu wa usiku. Alisema labda, na mimi labda niliisikia kabisa kwa masikio yangu. Ila nilikuwa mgeni kazini na Kiingereza changu cha kuringia, nikaandika kwamba Logistics Officer said that the guard must have forgotten to lock the store. Ile must have nilikuwa naipenda tangu shule, might niliiona imekaa kinyonge, ya mtu asiyejua anachosema, must ndo ilikuwa na uzito. Hakuna aliyewahi kunikalisha chini akaniambia kwamba ukisema must have ni kwamba ushapiga hesabu, ushahidi umeuona, na jibu jingine hulioni.

Kikao kilichofuata muhtasari ukathibitishwa, wajumbe mikono ina mafuta ya sambusa, sidhani kama kuna aliyefika ukurasa wa pili. Ukaenda kwa wakubwa nje ya nchi. Kule wakausoma kama ulivyoandikwa, kwamba ofisa mhusika ana uhakika stoo haikufungwa, na barua ikarudi mzee asimamishwe bila malipo kupisha uchunguzi. Barua ni ya Kiingereza, mzee Kiingereza hajui, sasa nani akaambiwa amsomee kwa Kiswahili? Mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho, kofia kaishika mkononi, akauliza kitu kimoja tu. "Huyo anayesema nilisahau, alikuwepo?" Nikamjibu mzee huu ni utaratibu tu wa ofisi. Utaratibu gani! Jioni mtu wa usafirishaji kanifuata mpaka kituo cha daladala, "We dogo, mimi nilisema labda, hiyo uhakika umeitoa wapi?" na mimi badala ya kunyamaza nikaanza kumbishia kwamba must have kiufundi inaruhusu labda, yaani nabishana sarufi na mtu ambaye jina lake ndo limetumika kumsimamisha mzee wa watu.

Madumu yalikuwa wapi? Dereva wa safari ya wilayani aliyachukua alfajiri, stoo kafunguliwa na mzee huyohuyo, vocha imesainiwa vizuri kabisa, ila dereva akaichomeka kwenye logbuku ya gari na gari likaondoka nayo. Mzee hakukumbuka kusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza habari za madumu, aliulizwa habari ya kufuli. Gari liliporudi kila kitu kikawa wazi. Mzee karudishwa, hela ya kipindi kile kuja kulipwa ilikuwa mbinde, na mimi nikaambiwa niandike masahihisho kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, kwa Kiingereza, mbele ya kikao kizima, nikiitaja sentensi yangu neno kwa neno. Shikamoo yangu mzee aliendelea kuiitikia vizuri tu, na kuniulizia nyumbani hawajambo. Bora angenisema.

Sasa ngazi zenyewe za uhakika, zishikeni. Labda alisahau ni might have forgotten. Kila dalili inaonyesha alisahau ni must have forgotten, na uwe tayari kuzitaja hizo dalili. Haiwezekani awe alisahau ni can't have forgotten, siyo mustn't have. Alitakiwa kufunga na hakufunga ni should have locked, hiyo ni lawama, usiiandike kama hakuna mtu kikaoni aliyelaumu. Could have ina sura mbili, inaweza kuwa labda na inaweza kuwa alikuwa na nafasi akaacha, ndo maana mimi kwenye muhtasari naikwepa. Na nyuma ya hizi zote ni have hata kama mtu ni mmoja, "he must has" sitaki kuiona tena, halafu baada ya have ni V3, lile umbo la tatu la kitenzi (go, went, gone). Must have gone. Anayeandika must have went atanunua chai ya ofisi nzima.

6. Sisi nge tunaiweka pande zote mbili, "mvua isingenyesha tungemaliza", ndo mnatuletea "if it would not have rained we would have finished". Would inakaa upande wa matokeo tu. Upande wa if ni had: if it had not rained.

7. Mazoezi. Vitabu vya sarufi mnavyo, sivisemi, vina sentensi za akina John na Mary ambao hawajawahi kukaa kikao. Chukueni grupu la WhatsApp la familia. Shangazi akituma voisi ya dakika nne, igeuze yote kuwa kauli taarifa ya Kiingereza kwenye daftari. Shangazi anaruka kutoka juzi kwenda mwakani na kurudi harusi ya zamani ndani ya pumzi moja, amemnukuu jirani, jirani kamnukuu mchungaji, na katikati kuna "angenisikiliza yasingemkuta". Ukiweza kumwandika shangazi bila kupoteza nani alisema na lini, hakuna mwenyekiti atakayekusumbua. Kwa ngazi za namba 5, umeme ukikatika andika sentensi tatu, moja ya might, moja ya must, moja ya can't, na kila moja uiwekee sababu yake pembeni. Ukiona must yako haina sababu, ishushe iwe might.

8. Did not went. Sina la kusema, ni did not go, tangu kidato cha kwanza ni did not go.

9. Kabla hujatuma rasimu, rudisha Kiswahili kila sentensi yenye jina la mtu, kimoyomoyo, uone kama ndo alichosema. Ukikwama mpigie msemaji simu. Na kama muda wa kuwapigia wote huna, mpigie mmoja, yule aliyetajwa kwa ubaya.