Kuku wa kadai asiwe na maji maji

Dada, umeuliza kwa nini kuku wako wa kadai anatoka kama mchuzi wa kawaida. Nadhani ni maji na kifuniko. Kadai ndiyo hilihili karai letu, neno limetoka kwa Wahindi, na pishi lenyewe ni la kukaanga kwa moto mkali, si la kuchemsha.

Kwa kuku kilo moja, chukua mbegu za giligilani vijiko viwili vya chakula, pilipili kavu nyekundu 5 au 6 na bizari nyembamba kijiko cha chai. Kaanga bila mafuta mpaka zinukie, kisha twanga zibaki chenga chenga. Usisage unga! Ladha yote iko hapo.

Kaanga vitunguu viwili mpaka viwe kahawia, weka tangawizi na kitunguu saumu, halafu nyanya nne. Hapa ndipo wengi tunakosa subira: endelea kukoroga mpaka mafuta yajitenge pembeni. Ndipo kuku, chumvi, manjano na nusu ya viungo vyako. Geuza geuza bila kufunika, dakika 20 hivi, kuku wa kienyeji zaidi (huyo mchemshe kwanza, la sivyo utatafuna mpira).

Hoho na kitunguu vya vipande vikubwa vikaange pembeni upesi, visilainike sana, uvitie mwisho pamoja na viungo vilivyobaki. Ukiwa na majani makavu ya uwatu, yafikiche juu. Kula na chapati.