Meno, Komeo na Bawaba: Majibu Kuhusu Bunduki za Mitutu Miwili

Mwezi uliopita niligusia bunduki za zamani za Kiingereza za mitutu miwili, zile zinazokunjika katikati, nikasema uhai wake uko kwenye kufungika. Barua zimekuja nyingi kutoka huku kwetu Kusini. Nimechagua chache. Wenye maswali ya magobore mniwie radhi, zamu yenu inakuja.

Shikamoo mzee. Mimi ni dereva wa wageni wa uwindaji, Liwale. Kila msimu nabeba hizi bunduki na bado sielewi: kitu kinachokunjika kama mguu wa panzi kinahimilije risasi ya tembo bila kumfungukia mpigaji usoni?

Marahaba, mwanangu. Tuanze na nguvu yenyewe. Risasi ya .470, ambayo bila shaka umeiona kwenye mikanda ya wageni wako, ina gramu 32 na ushei, na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 650 hivi kwa sekunde. Wakati huohuo ganda lake linarudi nyuma na kuugonga ukuta wa chuma uliosimama nyuma ya mitutu, kwa nguvu ya kuhesabiwa kwa tani. Watu wengi hudhani mitutu ndiyo inayotaka kuruka juu. Kumbe ukuta ndio unaosukumwa nyuma, na bawaba, ambayo iko mbele na chini, inaizuia mitutu isiondoke. Kile chuma cha chini kinachounganisha ukuta na bawaba hupinda kidogo kama upinde uliovutwa, na upande wa juu, kati ya ukuta na mitutu, hufunguka upenyo mwembamba kuliko karatasi, kisha hurudi. Siku ukiruhusiwa kuikagua bunduki kuukuu ya aina hii, tazama kwenye pembe pale ukuta unapokutana na chuma cha chini. Ufa ukiwepo, mara nyingi huanzia hapo.

Sasa kinachoifunga. Chini ya mitutu kuna meno mawili. La mbele limechongwa nusu duara, nalo huikumbatia pini ya bawaba. Nyuma ya kila jino kuna kibanio, na ukiifunga bunduki, komeo moja bapa huteleza na kuingia kwenye vibanio vyote viwili kwa pamoja. Usichanganye haya na mtambo wa kufyatulia. Huo ni kitu kingine, na bunduki hizi zina mitambo miwili, kila mtutu na wake, ili mmoja ukigoma mbele ya mbogo mwingine uitikie.

Mzee, mgeni mmoja alijisifu kwamba bunduki yake ina kufuli tatu. Mwenzake akamcheka, akasema mbili zinatosha. Nani mkweli? (Msomaji, Masasi)

Ubishi huu una zaidi ya miaka mia na mafundi bunduki wa Birmingham na London, kule Uingereza, hawajaumaliza, sembuse mimi na wewe chini ya mkorosho.

Mwaka 1859 Henry Jones wa Birmingham alisajili wenzo unaokaa chini, ukilala juu ya kikinga-kidole, kile chuma kinachozunguka kifyatulio. Unauzungusha kwa mkono, nao unashika meno mawili kwa mteremko, kama kifuniko cha chupa kinavyojivuta chenyewe kadiri unavyokikaza. Ni wa polepole, hauna springi, na lazima uukaze mwenyewe. Kwa nguvu, mimi bado sijaona unaoushinda, na ndiyo maana bunduki nzito za tembo ziliendelea kuutumia hata baada ya njia za haraka kupatikana. Mwaka 1863 James Purdey wa London akaleta lile komeo bapa la kuteleza nililomweleza dereva wetu wa Liwale. Miaka miwili baadaye William Scott wa Birmingham akasajili wenzo wa juu, wa kusukuma kwa dole gumba. Vitu hivyo viwili vilipooana, ndoa ikadumu. Bunduki nyingi za mitutu miwili utakazoziona leo zimefungwa hivyo.

Kufuli mbili ni vile vibanio viwili vya chini. Ya tatu huwekwa juu, kwa sababu ya ule upenyo unaofunguka unapopiga. Westley Richards wa Birmingham alirefusha chuma kati ya mitutu, akakichonga mwisho wake kama kichwa cha mwanasesere, kikaingia kwenye shimo lenye umbo lilelile juu ya ukuta. Shingo nyembamba, kichwa kinene, basi hakichomoki kwenda mbele. Hiyo ilikuwa 1862. Greener, naye fundi wa Birmingham, alitoboa tundu kwenye chuma kama hicho na kupitisha pingo la duara ubavu kwa ubavu. Wajerumani walilipenda sana pingo hilo na wanalitumia mpaka leo. Lakini anayenivutia zaidi ni Rigby wa Dublin, ambaye mwaka 1879 pamoja na fundi mwenzake Bissell walisajili komeo linaloinuka wima kutoka ndani ya ukuta na kuingia kwenye kitundu cha mitutu. Likifungwa, kwa juu unaona tu mstari mwembamba wa chuma, umelingana kama ukindu uliosukwa na fundi wa mkeka.

Nani mkweli basi? Ukitembea Mikindani au Kilwa Kivinje utaona milango ya zamani ya kuchonga. Ipo yenye komeo moja na bado imekaa mlangoni kama imeota. Ipo pia yenye kia, pingo na kitasa, na upepo wa kusi ukivuma inagonga usiku kucha kwa sababu fremu imelegea. Kwenye bunduki ni vilevile. Kufuli ya tatu ikigusa kweli, inasaidia kupunguza kule kupinda. Isipogusa ni pambo, na nyingi nilizoziona hazigusi. Mgeni mwenye tatu anaweza kuwa na moja na nusu bila kujua.

Babu, nitajuaje kama zinagusa? Mjomba wangu amefariki, ameacha bunduki ya mitutu miwili na familia imeamua niwe nayo mimi. Ukiitikisa inatoa sauti. Kuna fundi hapa anayetengeneza magobore, anasema ataipiga welding. (Mpwa, Nachingwea)

Poleni kwa msiba. Kwa mila zetu mpwa kurithi mjomba ni jambo la kawaida, ila leseni ya silaha hairithiwi. Ni ya mtu na jina lake. Kabla ya jingine lolote, nenda polisi, toa taarifa, na bunduki ikae kwao mpaka jambo lako liamuliwe kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Usiitunze nyumbani ukisema "nangoja arobaini ipite".

Kuhusu kukagua, mwachie fundi silaha mwenye kibali, lakini ujue anachotafuta ili usidanganywe. Atahakikisha haina risasi. Atatoa kile kipande cha mbao cha mbele, kwa sababu springi yake hubana mitutu na kuficha ulegevu. Kisha atashika kitako kwapani na kuitikisa mitutu huku na huku. Baadaye ataiinua kwenye mwanga aone kama kuna mstari mweupe kati ya mitutu na ukuta. Ukiuona mstari huo, bawaba imekwisha.

Mafundi wa zamani walitafuta mgusano kwa masizi ya taa, na wazuri bado hufanya hivyo. Unapaka moshi wa koroboi kwenye meno na ukutani, unafunga, unafungua. Palipogusa masizi yameng'aa au yametoka, pasipogusa ni peusi vilevile. Unapitisha tupa kidogo tu pale palipong'aa, unarudia, siku nyingi, mpaka uso mzima unagusa. Hakuna mashine yenye subira hiyo.

Dawa ya ulegevu ni kuweka pini mpya nene zaidi ya bawaba, au kujaza lile jino la nusu duara na kulichonga upya. Welding ya uchochoroni hapana, hapana kabisa. Mitutu hiyo miwili imeunganishwa kwa madini ya risasi ya kulehemu yanayoyeyuka kwa moto mdogo, na imeelekezwa kwa majaribio, pigo baada ya pigo, ili mitutu yote miwili ipige sehemu moja. Moto wa fundi wako ukifika pale, mtutu mmoja utaangalia Ruangwa na mwingine Liwale.

Wenzo wa juu wa bunduki ya bosi wangu, ukifungwa, umeinama kushoto. Ni kasoro? (Newala)

Huenda ni umri. Mpya huachwa ukiegemea kulia kidogo. Komeo likilika linaingia ndani zaidi, wenzo unasogea katikati, halafu kushoto. Lakini wenzo ulioegemea kulia nao usikupumbaze. Wapo wauzaji wanaogonga komeo kwa nyundo linenepe, wenzo urudi kulia kwa muda wa kutosha kupokea fedha.

Selous, ambaye pori lilipewa jina lake, alitumia mitutu miwili? (Kilwa Masoko)

Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 anajulikana zaidi kwa mtutu mmoja. Alipokuwa kijana alipiga tembo kwa magobore mazito yaliyomtesa bega, na baadaye akashikamana na bunduki za Gibbs wa Bristol za mtindo wa Farquharson. Hizo hazikunjiki. Zina bonge la chuma linaloshuka ukivuta wenzo wa chini na kupanda ukiurudisha, likaziba nyuma ya mtutu. Hazina bawaba ya kulegea.

Nifunge kwa kishindo kama kwenye filamu? Na hii chumvi ya baharini je? (Mtwara mjini)

Kishindo hapana. Weka dole gumba kwenye wenzo, funga taratibu, kisha uachie komeo liingie lenyewe. Chumvi: futa kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, na kwenye bawaba weka grisi kidogo, kiasi cha punje ya mtama.