Waifai haipo kabisa kwenye Linux? Anza na namba ya chipu kabla hujapesti kitu

Mdogo wangu alinunua laptopu used Kariakoo, ya mwaka 2014 hivi, Windows iliyokuwemo inachukua dakika tano kuwaka na ikishawaka feni inalia kama mashine ya kusaga. Mimi nikajifanya mtaalamu, nikamwambia lete hapa nikuwekee Linux, ule mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, itakimbia. Na kweli ikakimbia. Linux Mint 21 iliingia ndani ya nusu saa, sauti ipo, kamera ipo, tachipedi inafanya kazi, nikasema kazi imeisha ngoja nimuunganishe na waifai ya nyumbani. Nikabonyeza kile kialama cha mtandao pale chini kulia, hakuna waifai. Siyo kwamba imekataa pasiwedi, hapana, neno lenyewe waifai halipo kwenye menyu, utadhani laptopu imezaliwa bila hicho kitu.

Dogo ananiangalia tu. "Kaka, si ulisema itakuwa kama mpya?"

Sasa nilichofanya baada ya hapo ndo usifanye. Nikashika simu, nikagugo, nikachukua jibu la kwanza lililokuwa na amri nyingi nyingi, nikawa nazichapa moja moja kwa mkono kutoka kwenye simu kwenda kwenye laptopu maana laptopu haina intaneti, nyingine zinaleta makosa mekundu, nyingine zinapita kimya, mimi naendelea tu. Ilipofika saa sita usiku nilikuwa nimeshagusa mafaili ya /etc/modprobe.d (setingi za draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa) ambayo siyakumbuki tena, na zile amri zote kumbe zilikuwa za chipu ya Realtek ambayo hiyo laptopu haina. Kesho yake nikaweka Linux upya. Halafu tena. Mara tatu, yaani kama mtu anayefungua friji kila baada ya dakika kumi akitegemea chakula kitakuwa kimetokea.

Aliyeniokoa ni jamaa mmoja nilisoma naye. Nikampigia, nikamweleza stori yote ndefu, akanisikiliza halafu akauliza kitu kimoja tu: "Chipu gani?" Nikamtajia jina la laptopu na modeli yake. "Sijakuuliza laptopu, nimekuuliza chipu ya waifai." Sikuwa na jibu, siku mbili nzima nahangaika na kitu ambacho sijui hata jina lake.

Ukweli ni kwamba laptopu mbili za modeli moja, rangi moja, zinaweza kuwa na kadi tofauti za waifai ndani, kutegemea siku ile kiwandani waliweka ipi. Kwa hiyo ukisoma "mimi nina laptopu kama yako nilifanya hivi ikakubali", hiyo haikusaidii mpaka ulinganishe namba. Fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, uandike hivi:

lspci -nnk | grep -A3 -i network

Kwangu ilikuja Broadcom BCM43142, na mwishoni ndani ya mabano ya mraba [14e4:4365]. Hizo namba ndo kitambulisho. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji, nusu ya pili ni kifaa chenyewe. 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 8086 ni Intel (ndiyo, namba ileile ya prosesa yao ya 1978, watu wa Intel nao wana utani wao). Ukitafuta msaada mtandaoni tafuta kwa hizo namba nane, siyo kwa jina la laptopu, utashangaa majibu yanavyonyooka.

Halafu angalia mistari ya chini yake. Kama kuna "Kernel driver in use" ikifuatiwa na jina, basi draiva ipo na imeshika kadi, tatizo lako liko kwingine, usianze kupakua madraiva. Kama huo mstari haupo, kadi inaonekana ila haina wa kuiendesha, ndo ilivyokuwa yangu. Na kama kadi yenyewe haitokei popote, si kwenye lspci wala lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB), hapo hata ungeweka draiva za dunia nzima hazisaidii kwa sababu mashine haijui kama kuna kadi. Angalia BIOS, zile setingi za mashine zinazofunguliwa kabla mfumo haujawaka, kama waifai imezimwa. Kama una Windows pembeni zima ile Fast Startup yake, maana Windows ikijizima nusunusu huwa inaiacha kadi kwenye usingizi na Linux inashindwa kuiamsha. Kwa laptopu za used, fungua kifuniko cha chini, unaweza kukuta kadi imelegea au fundi wa mwanzo aliing'oa akaweka kwingine, hayo yapo sana.

Turudi kwa Broadcom. Hii chipu draiva yake siyo ya chanzo huria, kwa hiyo haiji ndani ya kerneli (kiini cha Linux), unaiweka mwenyewe. Kwenye Ubuntu na Mint pakiti inaitwa bcmwl-kernel-source, kwenye Debian, Linux ya aina nyingine, ni broadcom-sta-dkms na lazima uwe umefungua sehemu ya non-free, yaani ya programu zisizo za chanzo huria. Lakini unapakuaje draiva ya intaneti bila intaneti? Chomeka simu kwa waya wa USB, ingia kwenye setingi za simu, washa USB tethering, Linux inaiona simu kama mtandao wa waya na inaunganika yenyewe. Mimi nilihangaika robo saa hapa pia kwa sababu waya niliotumia ulikuwa ule wa bei rahisi wa kuchaji tu, hauna nyaya za data ndani. Badilisha waya kwanza kabla hujailaumu simu. Na kama simu yenyewe iko kwenye waifai ya nyumbani basi hutumii hata bando, inapokea waifai na kuipitisha kwenye waya. Kama unatumia bando, ingia kwenye setingi za huo mtandao uweke alama ya metered (mtandao wenye kipimo), vinginevyo updeti zitaanza kujishusha zenyewe nyuma ya pazia na bando linaisha ukiwa bado unasoma makala kama hii.

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source
sudo modprobe wl

Hapo mimi nilitegemea sherehe. Ikaniambia "Key was rejected by service". Hiyo ni Secure Boot, inakataa draiva ambayo haijasainiwa na mtu inayemjua. Ukiandika mokutil --sb-state itakuambia imewashwa au la. Wakati pakiti inajiweka iliniomba nitunge pasiwedi, nikatunga bila kusoma, nikarestati, likaja skrini la bluu linalohesabu sekunde kumi, mimi nikadhani ni hitilafu nikaliacha lipite. Kumbe ndo penyewe! Pale unabonyeza kitufe chochote, unachagua Enroll MOK, unakubali, unaweka ile pasiwedi uliyotunga, halafu inarestati tena. Ukilikosa kama mimi liite upya:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Wengi watakwambia zima Secure Boot kwenye BIOS uachane na usumbufu. Inafanya kazi, sikatai, ila mimi naona dakika mbili za kusajili ufunguo ni bora, hasa kama mashine siyo yako na mwenyewe anaweza kurudia Windows siku moja.

Baada ya hapo waifai ikatokea. Karibu niite majirani.

Wiki tatu baadaye dogo akapiga, waifai imepotea tena. Alifanya updeti, kerneli mpya imeingia, na hizi draiva za nje lazima zijengwe upya kwa kila kerneli. Kuna programu ya DKMS hufanya hiyo kazi yenyewe lakini inahitaji heda za kerneli hiyo (mafaili ya kujengea draiva), na hazikuwepo. Nikamwambia azime awashe huku akibonyeza Esc mpaka menyu ya GRUB, ya kuchagua cha kuwasha, itokee, achague Advanced, awake na kerneli ya zamani, waifai ikarudi, kisha akaweka linux-headers-generic akiwa na intaneti. Toka siku hiyo haijapotea. Kitu kingine, chipu hii ni ya 2.4GHz peke yake, ruta ikirusha 5GHz tu hutaiona ng'o, hapo usianze kuchokonoa draiva.

Tangu hapo nimekuwa fundi wa mtaa bila kutangaza, na nimejifunza nusu ya wanaokuja kwangu wala hawana tatizo la draiva. Dada mmoja jirani alikuja na yake analia ameharibu kila kitu, nikaandika rfkill list, amri ya kuona kama waifai imefungwa, ikasema Hard blocked: yes. Yaani waifai imezimwa kwa kitufe. Nikabonyeza Fn na kile kitufe chenye picha ya mnara, ikawaka. Sekunde tano, na yeye alikuwa anakaribia kununua laptopu nyingine. Ikisema Soft blocked inafunguka kwa sudo rfkill unblock wifi, lakini Hard haifunguki kwa amri, tafuta kitufe au ile swichi ndogo ya ubavuni.

Mwingine alikuwa na Debian 11, draiva ya Intel ipo kabisa ila waifai hakuna. Huyo dawa yake ni kusoma ujumbe wa kerneli: sudo dmesg | grep -i firmware. Ukiona "failed with error -2" maana yake draiva imetafuta faili la famwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) haijalikuta. Kwa Intel unaweka pakiti ya firmware-iwlwifi yameisha. Kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 famwea hizi zinakuja ndani ya flashi ya kuinstolia, kwa hiyo kama unaanza upya usichukue toleo la zamani.

Halafu kuna hivi viadapta vya USB, vile vidogo kama kucha. Hapa pana kituko chake. Unachomeka, Linux inakuonyesha CD! Kifaa kinajifanya CD yenye draiva za Windows ndani, na lsusb inaonyesha 0bda:1a2b. Ukikieject hiyo CD mara nyingi kinageuka chenyewe kuwa waifai, kisipogeuka weka pakiti ya usb-modeswitch halafu:

sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b

Rudia lsusb, namba itakuwa imebadilika, nilichokuwa nacho kiligeuka 0bda:c811, na hiyo sasa ndo namba ya kutafutia draiva. Kerneli kuanzia 6.2 ina draiva za USB za hiyo familia ya Realtek ndani yake, kwa hiyo kabla hujaanza kujenga draiva ya mtu binafsi kutoka GitHub, andika uname -r uone uko kerneli ya ngapi, pengine kupandisha kerneli tu kunatosha.

Ukienda kununua usidanganywe na boksi. Boksi litaandika kasi kubwa na "Linux supported" lakini jina la chipu halipo, na hata muuzaji hajui. Mimi siku hizi naenda na laptopu yangu na flashi ya Linux, nachomeka palepale kaunta, terminali wazi na sudo dmesg -w inatiririka. Mara ya mwisho muuzaji aliona yale maandishi yanashuka akaniuliza, "Bosi, hiyo si unanihaki hapa?" Nikacheka nikamwambia hapana, naangalia hiki kitu ni nani. Cha kwanza kilikaa kimya, cha pili kikawa kile cha CD, cha tatu kikatoa 148f:7601, hiyo ni MT7601U, kerneli inaijua tangu 4.2, ikaona mitandao ya duka zima kabla sijakaa vizuri. Nikalipa. Akaniomba nimwandikie hiyo namba kwenye karatasi, akaibandika kwenye rafu.