Njaa na uchovu wa hedhi ukiwa unapunguza uzito

Kuongeza chakula kidogo siku hizo hakukurudishi nyuma, dada. Kinachoharibu ni kujinyima mchana kutwa, halafu usiku unamaliza paketi nzima ya biskuti. Ongeza kalori 150 hadi 200 kwa siku, kuanzia siku tatu nne kabla ya damu: yai la kuchemsha na ndizi mbivu, au karanga za kiganja kimoja. Mzani ukipanda kilo moja au mbili ni maji tu, yatatoka yenyewe.

Uchovu unaweza kutokana na upungufu wa madini ya chuma. Kula maharage, dagaa au maini, kamulia ndimu, na chai iache mpaka saa moja baada ya mlo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mboga nzuri kabisa, lakini chai pembeni inazuia chuma kisifyonzwe.

Ukijaza pedi kila saa moja au mbili, damu ikizidi siku 7, au ukishikwa na hamu ya udongo au barafu, kapime wingi wa damu (hemoglobini). Ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, simamisha kujinyima kwanza, utibiwe.